Moyo wangu umetanuka na nachoka kila siku: nifanye mazoezi au nipumzike?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Tanga, biashara yangu ilikuwa vitumbua. Mapema mwaka huu nililazwa, pumzi ilikuwa inakata na miguu imevimba. Nikaambiwa moyo umetanuka na unasukuma damu kwa asilimia 32, chanzo ni presha ya muda mrefu. Natumia kavediloli, enalaprili, spironolaktoni na Lasix. Sasa uvimbe umeisha na nalalia mto mmoja, lakini uchovu haujaniacha. Nikikuna nazi moja nahema. Siku nikijisikia vizuri nafanya kazi zote za nyumbani, kesho yake siamki. Kliniki waliniambia nifanye mazoezi mepesi, hawakusema yapi. Wanangu wananikatalia hata kufagia, wanasema moyo utasimama. Nifuate lipi?

Jibu:

Marahaba, mama, na pole kwa yaliyokupata. Fuata la kliniki. Mgonjwa ambaye uvimbe umemwisha, analala bila kukosa pumzi na dawa zake anakunywa, anatakiwa aushughulishe mwili wake, tena kwa mpango. Wanao wanaogopa kwa sababu wanakupenda, na woga wao una asili yake. Kwa miaka mingi sisi madaktari ndio tuliowaambia wagonjwa wa moyo walale na wasiguse kazi. Ushauri huo ulianza kuachwa miaka ya 1980 na 1990, ilipoonekana kwamba wagonjwa waliofanyishwa mazoezi kwa uangalizi walipata nguvu, na waliolala walizidi kunyong'onyea.

Nieleze kwanza uchovu wako unatoka wapi, maana ukilielewa hilo mengine yatakuwa rahisi. Asilimia 32 maana yake ni kwamba chumba kikubwa cha kushoto cha moyo, kila kikipiga, kinatoa asilimia 32 ya damu iliyomo ndani yake. Moyo mzima hutoa kama 55 hadi 70. Wengi wakisikia namba hiyo hudhani wamebakiwa na theluthi ya uhai. Sivyo. Kliniki nawaona watu wawili wenye asilimia ileile, mmoja anapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, mwenzake anashindwa kufunga kamba za viatu. Mara nyingi tofauti yao iko kwenye misuli. Moyo ukidhoofika kwa miezi, misuli hupata damu pungufu, mtu hupunguza kutembea, na misuli yenyewe hubadilika. Inasinyaa, mishipa midogo inayoilisha inapungua, na uwezo wake wa kutengeneza nguvu unashuka. Hata misuli ya kuvutia pumzi inalegea. Hapo kazi ndogo tu inaizidi misuli nguvu, na misuli iliyozidiwa inaupelekea ubongo taarifa ya kuongeza kuhema. Kwa hiyo sehemu ya kuhema kwako inaanzia mapajani na kwenye mikono.

Kulala hakuiponyi misuli ya namna hiyo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wasio na ugonjwa waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Walipoinuka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo 1 ya nyama. Hao walikuwa wazima. Mgonjwa aliyelazwa wodini, kisha akakatazwa hata kushika ufagio nyumbani, anapoteza zaidi ya anachoona.

Na je, mazoezi yanaweza kuusimamisha moyo kama wanao wanavyohofia? Swali hilo lilipimwa kwa watu wenye moyo dhaifu kama wako. Utafiti wa HF-ACTION, uliotolewa mwaka 2009, ulihusisha wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa, wote wakiwa na moyo unaosukuma kwa asilimia 35 au chini. Nusu walifanya mazoezi ya mpango, kwanza kwa kusimamiwa kisha nyumbani kwao, na nusu waliendelea na matibabu ya kawaida. Waliofanya mazoezi hawakupata madhara zaidi ya wenzao. Katika kupunguza vifo na kulazwa faida ilikuwa ndogo, siwezi kukuongezea chumvi hapo, lakini waliishi kwa unafuu zaidi: walitembea zaidi na kazi zao za kila siku ziliwalemea kidogo kuliko zamani. Kwako wewe unayehemeshwa na nazi moja, hilo ndilo ninalolitafuta.

Sasa, kabla hujafunga kanga kiunoni ukaanza kutembea, uchovu wenyewe ukaguliwe. Hili kwa wagonjwa wengi hurukwa. Tunausukumia uchovu wote kwa moyo, kumbe kuna mengine yanayotibika pembeni yake. La kwanza ni damu. Kapime wingi wa damu, na panapowezekana akiba ya madini ya chuma, maana chuma kinaweza kupungua mwilini hata kabla damu haijashuka, na kwa wagonjwa wa moyo kupungua huko peke yake kunachosha. Ikionekana chuma ni kidogo, uliza kuhusu chuma cha kuwekewa kwenye mshipa. Vidonge vya chuma huwasaidia watu wengi, ila kwa wagonjwa wa moyo uliodhoofika vimekuwa vikitoa matokeo hafifu. La pili ni presha, ipimwe ukiwa umekaa na ukiwa umesimama. Dawa nne ulizonazo zote huishusha, na ikishuka mno utajisikia umeishiwa nguvu na kuona giza ukiinuka ghafla. La tatu ni Lasix, dawa ya kukojoza maji yaliyozidi mwilini. Uvimbe ulipokwisha, dozi ya wodini huenda ikawa imekuwa kubwa kwako, mwili ukakaukiwa. Usiipunguze mwenyewe, mwambie daktari wako uvimbe umekwisha na unachoka, naye apime figo na chumvi za damu ndipo aamue. Halafu uwaze usingizi wako, na uwaze moyo wako ule mwingine, wa hisia. Mtu aliyeacha biashara, akalishwa na wanawe, akakaa ndani kutwa, anaweza kuchoka kwa huzuni. Huzuni hiyo nayo inatibika, na daktari anapaswa kuambiwa.

Kavediloli niiseme peke yake. Katika wiki za mwanzo, na kila dozi inapopandishwa, huleta uchovu unaoweza kudumu wiki kadhaa. Watu huiacha hapo. Tafadhali, mama, usiiache, na usiikatishe ghafla hata siku moja. Pamoja na hizo nyingine, ni kati ya dawa zinazoupa moyo nafasi ya kujijenga upya, na si ajabu baada ya miezi michache ya kuzitumia bila kuruka eko (kipimo cha picha ya moyo) ya marudio ikaonyesha asilimia imepanda. Ukiona inakulevya, omba ushauri kuhusu kuinywa pamoja na chakula, au kuipandisha dozi taratibu zaidi.

Umetaja nazi, nami nakaa hapo kidogo kwa sababu umenieleza jambo kubwa bila kujua. Anayekuna nazi hukaa chini sana juu ya mbuzi, magoti yako juu, kifua kimeinamia mapaja, tumbo limebanwa, mkono mmoja unasukuma na kuzungusha bila kupumzika. Mwenye moyo dhaifu akiinama namna hiyo, msukumo wa damu ndani ya moyo hupanda, na ndani ya nusu dakika anaweza kuhema hata kama mkono haufanyi kitu. Ongeza na hiyo kazi ya mkono, na ile tabia ya kubana pumzi unapokazana. Kumbe katika kazi zako zote za jikoni ulichagua ile inayoutesa zaidi moyo wa aina yako. Kufagia kwa ufagio mfupi wa chelewa, kufua kwa kuinamia beseni lililo chini na kupiga deki kwa kitambaa ni jamaa zake. Kazi hizo hizo ukizifanya mgongo ukiwa wima, hubadilika kabisa. Beseni lipande juu ya meza au stuli, ufagio upate mpini mrefu, jiko la mkaa liinuliwe juu ya matofali na likae penye upepo, moshi usikupige. Nazi akune mtoto, au ununue iliyokunwa kwa mashine sokoni. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, hiyo waachie vijana. Wewe chukua kidumu cha lita 5, mikono yote miwili, na utoe pumzi wakati wa kuinua. Kama unaswali na kusujudu kunakuletea kizunguzungu au kuhema, dini imekuruhusu mgonjwa uswali umekaa. Itumie ruhusa hiyo mpaka upate nguvu.

Kisha ile tabia ya kufanya kila kitu siku njema na kushindwa kuamka kesho yake. Wewe ni mfanyabiashara, utanielewa: nguvu ya siku ni mtaji, na ukiutoa wote asubuhi kununulia mchele, huna cha mafuta wala sukari. Nakuomba uandike kwenye daftari, wiki moja tu, kazi ulizofanya na saa ulizochoka. Utaona mkondo. Wengi wenye dawa kama zako huwa na nguvu asubuhi baada ya Lasix kumaliza kazi yake, wakalegea mchana. Kazi nzito ya siku iwe moja. Siku ya kufua isiwe siku ya kwenda sokoni. Kaa kukata mboga, kaa kupiga pasi, kaa hata kuoga kama bafu lina stuli. Pumzika kabla hujachoka, dakika kumi za kukaa miguu ikiwa juu, maana ukisubiri mwili ukuangushe utalipa siku nzima. Na siku njema ikija, ongeza kidogo tu kuliko jana.

Mazoezi yenyewe ni kutembea. Hayahitaji jimu wala viatu vya bei, mradi viatu visiteleze wala visibane. Tanga kuna joto na unyevu, hasa wakati wa kaskazi, na joto linaupa moyo kazi ya pili ya kupoza mwili. Kwa hiyo toka saa 12 na nusu asubuhi au saa 11 jioni. Usitoke mara baada ya kula. Acha ipite saa moja na nusu hivi. Lasix ikishakupeleka chooni na kukuachia, ndiyo nafasi. Barabara iwe tambarare, na mara za kwanza mtoto mmoja atembee nawe, hilo litamtuliza yeye na wewe.

Wiki ya kwanza tembea dakika 5, mara mbili kwa siku. Naam, 5 tu, hata ukiona unaweza 20. Dakika ya kwanza nenda polepole sana, na ya mwisho vivyo hivyo. Usisimame ghafla, kwa sababu mishipa ya miguu imefunguka, dawa zako nazo zimeilegeza, na ukisimama papo hapo damu itabaki chini na utaona nyota. Ikikaa vizuri siku tatu nne, ongeza dakika moja au mbili. Lengo ni dakika 30 karibu kila siku, na kufika huko kunaweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Wengine hukawia zaidi. Ukigawa mara tatu za dakika 10, hesabu ni ileile.

Utajuaje kasi inatosha? Usihesabu mapigo. Kavediloli huyazuia yasipande, hivyo namba itakudanganya. Tumia mdomo wako: uweze kuongea na anayekusindikiza kwa sentensi nzima, lakini uimbaji ukushinde. Ukitoa neno mojamoja, punguza. Kliniki tunatumia pia kipimo cha Borg, ambapo mgonjwa mwenyewe anataja anavyojisikia kati ya 6, ambayo ni kukaa bila kazi, na 20, ambayo ni mwisho wa uwezo. Mwanzo tunataka uwe karibu na 11, baadaye 12 au 13, yaani kazi inasikika kidogo lakini haikulemei. Halafu kuna ukaguzi wa kesho yake, ambao mimi nauthamini kuliko yote. Kuchoka nusu saa baada ya kutembea ni kawaida. Ukiamka kesho bado umechoka kwa sababu ya jana, basi jana ulizidisha. Rudi hatua moja nyuma, usiache.

Ikifika wiki ya tatu au ya nne, na kutembea kumekaa sawa, iongezee nguvu miguu. Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani. Kaa, simama bila kujishika kama unaweza, kaa tena taratibu. Toa pumzi unaposimama. Mara 5, pumzika, mara 5 tena, siku mbili au tatu kwa wiki, ukipanda hadi mara 10. Kwa mikono, chupa mbili za maji za nusu lita, kila moja ni kama nusu kilo, zinatosha kuinua hadi usawa wa mabega. Kamwe usibane pumzi. Kusukuma ukuta kwa nguvu zote, kunyanyua mizigo kwa kukazana, na kupiga pushapu, achana navyo.

Utaumwa na misuli siku za mwanzo, na hapa pana mtego ninaouona mara kwa mara. Mtu anaenda duka la dawa, anaomba cha maumivu, anapewa diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huufanya mwili ushike chumvi na maji na huelemea figo, hasa figo zinazotumia enalaprili na Lasix. Ukizimeza siku chache tu unaweza kurudi wodini umevimba. Ukiumwa na misuli, meza parasetamoli ya kawaida kwa kipimo chake, na ile ya kuyeyusha kwenye maji iache kwa kuwa imejaa sodiamu. Sodiamu hiyohiyo iko kwenye magadi ya kulainishia maharage, kwenye ng'onda, na kwenye viungo vya pakiti vya mchuzi. Wapo wanaokula chakula kisicho na chumvi mezani huku magadi yakiingia jikoni kila siku.

Kila asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya chai, pima uzito na uandike. Ukipanda kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, hayo ni maji, na siku hiyo hutembei, unawasiliana na kliniki. Kama mizani hamna, bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba sekunde kadhaa. Pakibaki shimo, maji yamerudi. Usifanye mazoezi pia ukiwa na homa, ukiwa unaharisha au unatapika, au siku dawa imebadilishwa na bado inakuyumbisha. Ukiwa njiani, simama ukae ukiona kizunguzungu, moyo unadunda ovyo, au pumzi haishuki. Maumivu ya kifua yanayobana, kuzimia, kukosa pumzi ukiwa umekaa, au kuamka usiku unahaha kutafuta hewa, hayo hayasubiri kesho. Nenda hospitali.

Niwaambie na wengine wanaosoma: jibu hili ni la mtu aliyetulia kama mama huyu, ambaye eko imeonyesha shida ni misuli ya moyo. Mwenye valvu (mlango wa moyo) iliyobana sana, iwe kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni au kwa sababu nyingine, asianze mpaka daktari wake aseme. Vivyo hivyo mwenye mapigo yanayoparaganyika bila kudhibitiwa, na aliyetoka wodini juzi akiwa bado na maji mapafuni. Na kwa wale wanaoshangaa mama wa miaka 49 kuwa na ugonjwa huu: utafiti wa THESUS-HF uliofanywa katika nchi 9 za Afrika kwa wagonjwa 1,006 ulikuta wastani wa umri ni miaka 52, na sababu iliyoongoza ilikuwa presha. Ulaya na Marekani ugonjwa huu huwakuta zaidi wazee wa miaka 70 na kuendelea. Kwetu presha huachwa bila kutibiwa miaka na miaka, na moyo unachakaa mtu akiwa bado analea.

Wanao wasome haya, kisha uwagawie kazi. Mmoja akune nazi, mmoja abebe maji, mmoja atembee nawe asubuhi. Ufagio wa mpini mrefu wakuachie.

Kuhusu vitumbua, hukuuliza moja kwa moja ila nimekusoma. Usiifunge biashara moyoni mwako. Ukifika dakika 20 za kutembea bila kuharibu kesho yake, na eko ya marudio ikiwa haijashuka, zungumza na daktari wako kuhusu kurudi kidogo kidogo: chuma kimoja cha kukaangia badala ya viwili, siku tatu kwa wiki, mchele usagwe mashineni, jiko liwe juu na wewe umekaa kwenye kiti cha kimo sawa nalo, na anayeamka saa 10 usiku kuwasha mkaa awe mtu mwingine.